Kabla hujakata tiketi kwenda Uswidi kuona mambo ya kale, chagua mwezi kwanza

Wateja wengi wakitupigia simu tayari wana tarehe mkononi, likizo imeshaombwa kazini, tiketi ya ndege imeshakatwa, na mara nyingi ni Desemba kwa sababu ndo watoto wamefunga shule. Halafu sasa ndo wanatutumia orodha ya sehemu wanazotaka kuona Stockholm na maeneo ya jirani: kisiwa cha Birka, kasri la Drottningholm pamoja na ukumbi wake wa maigizo, Skansen ambayo ni makumbusho ya wazi ya nyumba za zamani, meli ya Vasa, mji wa Visby. Inabidi tuwaambie kwamba kama nusu ya hiyo orodha kwa mwezi huo ama haiwezekani kabisa ama utaiona kwa nje tu. Inatuuma kuwaambia hivyo maana mtu kajinyima ajikusanyie hiyo hela, kwa hiyo tumeona bora tuliandike hili jambo wazi wazi ili ulijue kabla hujalipa chochote kwa mtu yeyote, iwe sisi au wengine.

Kinachobadilisha kila kitu huku ni jua. Mwisho wa Desemba Stockholm jua linatoka karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na saa tisa mchana haijafika limeshazama, yaani una kama masaa sita tu ya mwanga, na mara nyingi hata hayo yana mawingu. Mwisho wa Juni ni kinyume chake, linachomoza saa tisa na nusu usiku na linazama saa nne usiku imepita. Sehemu nyingi za kihistoria za huku ziko nje, visiwani, mashambani, kwenye bustani, kwa hiyo zinafunguliwa na kufungwa kufuata hayo majira.

Tuanze na Birka maana ndo inayoulizwa sana na ndo inayowaangusha wengi. Ni kisiwa ndani ya ziwa Mälaren, kulikuwa na mji wa biashara wa enzi za Waviking kuanzia karne ya 8 mpaka karne ya 10, UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1993. Kuna makaburi ya zamani karibu 3,000, na ndani ya baadhi wachimbaji walikuta sarafu za fedha za Waarabu, zilizofika huko kwa njia za mito ya Urusi. Ukisimama pale juu kwenye ngome unaelewa kwamba wale watu hawakuwa wa kuvamia tu kama sinema zinavyoonyesha, walikuwa wafanyabiashara haswa. Lakini boti ya watalii ya kutoka Stockholm, ambayo ni kama masaa mawili kwenda na masaa mawili kurudi, inatembea miezi ya joto tu, kwa kawaida Mei mpaka Septemba. Ukija Januari hamna boti, na kutoka Stockholm hamna basi linalokufikisha kisiwani. Kwa hiyo kama Birka ndo sababu yako ya kuja, basi usije msimu wa baridi.

Drottningholm kwa upande wa msimu iko katikati. Ni kasri la kifalme, sehemu ya kwanza ya Uswidi kuingia urithi wa dunia, mwaka 1991, na familia ya mfalme inaishi upande mmoja mpaka leo. Kasri lenyewe linaingilika hata baridi ingawa siku zinakuwa chache. Ila pembeni yake kuna ukumbi wa maigizo wa mwaka 1766, ambao mitambo yake ya mbao ya kubadilisha mandhari ya jukwaa bado inavutwa kwa mikono na bado inafanya kazi, na huo kwa kweli ni wa miezi ya joto. Tunaupenda sana ule ukumbi na tunasikitika kila mteja anapofika akaishia kuuona kwa nje.

Sasa meli ya Vasa, hii njoo mwezi wowote, iko ndani ya jengo. Ilijengwa kwa amri ya mfalme Gustav II Adolf, ikapewa mizinga 64 kwenye sitaha mbili, na tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza kabisa, ikaenda kama mita 1,300 tu, upepo ukaipiga, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ikazama hapo hapo bandarini watu wanaangalia. Juu ilikuwa nzito kuliko chini. Na kabla ya hapo walishaijaribu, wanaume 30 wakakimbia toka upande mmoja wa sitaha mpaka mwingine, meli ikayumba vibaya mpaka jaribio likasimamishwa, lakini vita na Poland ilikuwa inaendelea na mfalme aliitaka meli yake. Ilikaa chini ya maji miaka 333 mpaka ilipoinuliwa Aprili 1961, na ukiiona leo sehemu kubwa sana ya mbao ni zile zile. Watu wa mwambao hapa wataelewa haraka: majahazi yetu tunayapaka deheni kwa sababu kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao, sasa bahari ya Baltiki chumvi yake ni kidogo mno, yule mdudu haishi huko, ndo maana Vasa haikuliwa. Watoto mpaka miaka 18 wanaingia bure, na usiende mbio mbio, tenga masaa matatu.

Skansen nayo haifungwi msimu wa baridi, ila inabadilika. Artur Hazelius aliianzisha 1891, akawa anahamisha nyumba za zamani kutoka kila kona ya nchi, sasa zipo kama 150. Kiangazi ndani ya nyumba unakuta watu wamevaa mavazi ya kale wanaoka mikate, wanapuliza vioo. Baridi nyumba nyingi zinafungwa hasa siku za kazi, lakini wikiendi za kabla ya Krismasi kuna soko la Krismasi ambalo limekuwepo tangu 1903, na ni zuri sana. Tahadhari moja kuna milima na mawe, kama unakuja na mama au bibi ambaye magoti yanamsumbua tuambie mapema tupange njia.

Uppsala huwa tunawashauri hata wasiouliza. Treni kama dakika 40, kanisa kuu lenye urefu wa mita 118 na zaidi kwenda juu na kuingia ni bure, vilima vya makaburi ya wafalme wa kale viko Gamla Uppsala, na kwenye makaburi ya mjini amezikwa Dag Hammarskjöld, yule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola Septemba 1961 akishughulikia vita ya Kongo. Wageni wetu Wakongo huwa wanakaa pale muda mrefu. Haya yote yanawezekana mwaka mzima.

Visby ni mji wa zamani kwenye kisiwa cha Gotland, una ukuta wa kilomita 3 na zaidi, na unafika kwa feri ya masaa matatu na kidogo kutoka Nynäshamn, bandari iliyo kusini mwa Stockholm. Kiangazi vyumba vinaisha mapema mno, Agosti kwenye wiki ya mambo ya kale ndo usiseme.

Viza ya Schengen unaweza kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo anayetaka Juni asisubiri Mei. Na uje na kadi ya benki inayofanya kazi nje, sehemu nyingi huku hawapokei pesa taslimu kabisa.

Ukituandikia, tuambie mwezi, idadi ya watu, umri wa watoto na wazee, na ile sehemu moja ambayo usipoiona utaumia. Kama tarehe zako haziwezi kubadilika tuambie pia, tutakupangia safari ya baridi ya Vasa, Uppsala na soko la Skansen, na Birka tutakwambia ukweli kwamba mwaka huu haimo.