Barua ya malalamiko: Ned Leeds si Hobgoblin wa kweli

Mwalimu Mlezi,
Kikundi cha Wasomaji,
Morogoro.

10 Juni 2024

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vitabu vya Katuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SETI YA MAJARIDA YA HOBGOBLIN NA KIJITABU KILICHOAMBATANA NAYO

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na mlezi wa kikundi cha wanafunzi 19 wanaokutana kila Ijumaa baada ya vipindi kusoma hadithi. Tarehe 22 Aprili 2024 nilinunua kwenu seti mnayoitangaza kwa jina la "Hobgoblin: hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho" kwa shilingi 310,000, fedha ambazo sehemu yake ilitoka mfukoni mwangu na sehemu ilichangwa na wazazi. Sandukuni mlituma majarida 21 ya zamani ya Spider-Man, shujaa wa katuni ambaye Hobgoblin ni adui yake mwenye kinyago, pamoja na kijitabu cha kurasa 8 cha Kiswahili mlichokiandaa wenyewe. Majarida yalifika salama, hayakuchanika wala kulowa, na kwa hilo nawashukuru. Malalamiko yangu yanahusu mambo mawili yaliyofungamana: hadithi mliyoiita nzima si nzima, na kijitabu chenu kinamtaja mtu asiyehusika kuwa ndiye mhalifu.

Nilipowapigia simu wiki mbili zilizopita, mhudumu wenu alinisikiliza kwa upole, lakini jibu lake ndilo lililonifanya nikae chini na kuandika. Alisema kwamba wahalifu wa vitabu vya katuni hurithiana vinyago kila mara, kwamba Hobgoblin ni Hobgoblin awe nani aliyemo ndani, na kwamba mnunuzi hapungukiwi na kitu akitajiwa jina moja badala ya jingine. Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu kwa nini jibu hilo haliwezi kukubalika, na hasa kwa mhusika huyu.

Ni kweli kwamba vinyago hurithiwa. Green Goblin, adui mwingine wa Spider-Man ambaye Hobgoblin aliiba zana zake, alitokea mara ya kwanza mwaka 1964, akafahamika mwaka 1966 kuwa ni mwenye viwanda Norman Osborn, na alipokufa mwaka 1973 mwanawe Harry akavaa sare ileile mwaka uliofuata. Mwaka 1978 daktari aliyekuwa akimtibu Harry, Bart Hamilton, naye akaivaa. Hata hivyo msomaji wa hadithi hizo anajua baba amekufa, anamwona mwana akiokota kinyago cha baba yake, na uchungu wa hadithi unatokana na kujua huko. Laiti ningekuwa nimenunua seti ya Green Goblin na mkakosea jina katika ukurasa mmoja, ningelisahihisha kwa kalamu na kuendelea na masomo.

Hobgoblin hakutungwa hivyo. Alipoanzishwa na mwandishi Roger Stern na mchoraji John Romita Jr. katika The Amazing Spider-Man namba 238 ya Machi 1983, alitungwa kuwa fumbo. Mwizi wa benki anayemkimbia Spider-Man anapita kwenye mifereji ya maji machafu, anaangukia ghala la siri la Norman Osborn, na badala ya kunyamaza anamuuzia siri hiyo mtu fulani ambaye sura yake hatuonyeshwi. Mtu huyo anamuua mwizi ili abaki peke yake na siri, anachukua chombo cha kurukia chenye mabawa kama ya popo na mabomu yenye umbo la boga, anaishona upya sare kwa rangi ya machungwa na buluu, kisha anaanza kazi. Tangu ukurasa huo msomaji hana ila swali moja, nalo ni la nani aliyemo ndani. Lilipita toleo baada ya toleo, kwa zaidi ya miaka minne, bila jibu. Kumwambia msomaji wa hadithi hii kwamba jina halina uzito ni sawa na kumuuzia kitendawili kisha kumwambia kwamba jibu lolote litafaa.

Kwa sababu hiyo niliichagua hadithi hii kwa wanafunzi wangu. Nilitaka wajifunze kujenga hoja kwa ushahidi, jambo ambalo tunawahimiza katika insha lakini mara chache tunawapa kitu kinachowafanya walitamani. Kila walipomaliza jarida moja, kila mwanafunzi aliandika katika karatasi jina la anayemshuku na sababu zake, akaikunja na kuitia katika boksi la chaki. Hatukuruhusu mtu kutazama majarida yaliyo mbele. Katika miaka 11 ya kufundisha sijaona wanafunzi wakirudi kwenye kurasa walizokwisha kuzisoma ili kuhakiki neno moja la mhusika mmoja, kama walivyofanya katika majuma hayo.

Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alimshuku mapema Roderick Kingsley, tajiri wa biashara ya mitindo ya mavazi. Alisema Hobgoblin anazungumza kama mtu aliyezoea kuamuru watumishi, anajua mambo ya makampuni, na anapotumia nyaraka za siri za Osborn kuwatisha matajiri ili wampe fedha, anajua vizuri mno wapi pa kuwabana. Wenzake walimpinga kwa hoja nzito: Kingsley ameonekana klabuni pamoja na matajiri wengine wakati Hobgoblin mwenyewe yuko mbele yao, na mtu hawezi kuwa mahali pamoja na nafsi yake. Yeye akarudi kwenye majarida namba 244 na 245, akawaonyesha kwamba Hobgoblin alikwisha kumvika sare yake mhuni aitwaye Lefty Donovan ili ajaribu kwake dawa ya kuongeza nguvu aliyoiacha Osborn, na Donovan akaishia kufa. Akauliza: ikiwa mtu huyu alikwisha kumtuma mwingine mara moja, kwa nini asimtume mara ya pili? Nilinyamaza ili nisiwape dalili, ingawa moyoni nilikuwa na furaha ambayo mwalimu yeyote ataielewa.

Tulipofika katikati ya seti, kijana mmoja alikifungua kijitabu chenu, ambacho nilikuwa nimekiacha mezani nikiamini kwamba ni utangulizi tu. Katika ukurasa wa pili, kwa herufi kubwa na bila onyo lolote, mmeandika kwamba "Hobgoblin wa kweli ni mwandishi wa habari Ned Leeds". Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti. Mazungumzo yakafa pale pale. Yule msichana alichukua karatasi yake, akalikata jina la Kingsley kwa mistari miwili, akaandika Leeds juu yake. Aliamini kwamba ameshindwa na kitabu kilichochapishwa, kama tulivyomfundisha kuamini vitabu vilivyochapishwa, na hali yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ndugu Meneja, naamini mwandishi wa kijitabu aliishia kwenye jarida la mwisho la seti yenu, yaani namba 289 ya Juni 1987, akadhani hapo ndipo mwisho. Ni kweli kwamba katika toleo hilo Spider-Man anaambiwa kwamba Hobgoblin alikuwa Leeds, mwandishi wa gazeti la Daily Bugle na mume wa Betty Brant, ambaye wakati huo alikwisha kuuawa hotelini mjini Berlin katika toleo maalumu la mwaka huohuo. Lakini Stern, aliyelitunga fumbo, alikuwa ameacha kuliandika jarida hilo mwaka 1984 kabla ya kulifumbua, na mtu aliyemkusudia tangu awali alikuwa Kingsley. Waandishi waliompokea Stern walikuwa na fikra zao, na jibu la mwaka 1987 lilikuja na kasoro ambayo wanafunzi wangu waliiona bila kusaidiwa: Hobgoblin alikwisha kuitumia dawa ya Osborn na aliweza kupigana na Spider-Man ngumi kwa ngumi, sasa imekuwaje akauawa chumbani na wauaji wa kukodiwa kama mtu asiye na nguvu zozote?

Jibu lake limo katika majarida matatu ya mwaka 1997 yaitwayo Spider-Man: Hobgoblin Lives, ambayo Stern mwenyewe alirudi kuyaandika, michoro ikiwa ya Ron Frenz na George Pérez. Humo ndimo tunapojua kwamba Leeds aliingiliwa akili, akatumiwa kama kivuli cha Hobgoblin bila hiari yake, na kifo chake kikamfaa mwenye hila ambaye alikwisha kustaafu na fedha zake. Mwenye hila huyo ni Roderick Kingsley. Mtu aliyekuwa akionekana mahali pa Roderick wakati Roderick mwenyewe amevaa kinyago ni Daniel, nduguye anayefanana naye. Kwa hiyo yule msichana alikosea kidogo tu kuhusu nani alimwakilisha nani, na hilo angelifurahia sana kuligundua mwenyewe. Humo pia mjane wa Leeds, ambaye kwa miaka kumi msomaji amemwacha akiwa mke wa mhalifu, anapata kujua mumewe alikuwa nani hasa.

Majarida hayo matatu hamkuyatia katika seti. Tangazo lenu linasema "mwanzo hadi mwisho", lakini mlichotuuzia kinaishia kwenye hukumu isiyo ya haki, na rufaa yake imeachwa nje ya sanduku.

Kosa hilo moja limeharibu pia sehemu nyingine za kijitabu. Jason Macendale, mamluki aliyewahi kuitwa Jack O'Lantern na aliyeichukua sare katika namba 289, mmemweka kuwa "mrithi wa Leeds", ilhali hakumrithi Leeds kitu. Alijitwalia jina la mtu aliyekuwa hai na aliyejificha, na ni Kingsley huyohuyo aliyekuja kumuua gerezani. Phil Urich, aliyekuwa Green Goblin mwenye nia njema katika miaka ya 1990 kabla ya kugeuka Hobgoblin mwaka 2011, amepewa nusu sentensi, na hilo sina ugomvi nalo kwa kuwa yuko mbali na kipindi cha seti hii.

Huenda mkaniona kuwa mtu anayegombania jambo dogo, kwa kuwa Ned Leeds ni mtu wa kuchorwa na hawezi kuchafuliwa jina. Mimi nasema kwamba watoto 19 wamefundishwa na kijitabu chenu kumhukumu mtu kwa kuwa kinyago kilikutwa kwake, wakaacha ushahidi waliokuwa wameukusanya kwa majuma matano. Kinyago kikivaliwa na watu wanne, matendo ya kila mmoja yanabaki kuwa yake. Hadithi hii iliandikwa upya mwaka 1997 kwa ajili ya kulisimamisha hilo, nanyi mmelifuta katika lugha ambayo wanafunzi wangu wanaiamini kuliko zote.

Kwa hiyo naomba, kwanza kabisa, mnitumie majarida matatu ya Hobgoblin Lives bila malipo ya ziada wala gharama ya usafiri, kwa kuwa nilikwisha kuyalipia niliponunua kitu kilichoitwa hadithi nzima. Ikiwa hamnayo na hamwezi kuyapata, nirudishieni shilingi 310,000 nami nitairejesha seti yote kama ilivyokuja. Vilevile naomba mkiondoe kijitabu hicho katika sanduku zote zilizobaki ghalani, mkiandike upya kikiwa na majina sahihi, na jibu la fumbo liwekwe ukurasa wa mwisho chini ya onyo linaloonekana, au lisiwekwe kabisa. Tangazo la dukani nalo libadilishwe liseme wazi kwamba seti inaishia mwaka 1987. Niko tayari kulipitia andiko jipya kabla halijachapwa, na sitadai ujira kwa kazi hiyo.

Ombi langu la mwisho halina gharama kwenu, lakini kwangu ndilo kubwa. Naomba mniandikie barua fupi, yenye mhuri wa kampuni, inayokiri kwamba sentensi ya ukurasa wa pili si sahihi. Nataka kuisoma mbele ya kikundi kabla hatujafungua majarida ya 1997, ili yule msichana airudishe karatasi yake ya kwanza katika boksi.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Muda huo ukipita bila jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Ningependa zaidi tulimalize wenyewe, kwa maana hakuna duka jingine ninalolifahamu lililojitahidi kuandika maelezo ya vitabu hivi kwa Kiswahili, na nisingetaka muiache kazi hiyo. Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi, nakala ya tangazo lenu na picha ya ukurasa wa pili wa kijitabu. Shule itafungwa mwishoni mwa mwezi huu, hivyo naomba mzigo uwahi Ijumaa ya tarehe 28.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mwalimu Mlezi wa Kikundi cha Wasomaji

Nakala: Mkuu wa Shule