Tausi, nisaidie na hili jaketi la pili

Dodoma, Kisasa

Shosti wangu Tausi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ni upepo tu na vumbi lake: unafagia asubuhi, mchana unafagia tena. Mama Jesca amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mengine ya tangu ile harusi nitakusimulia tukionana, maana leo nina shida na wewe ndiye mtu wa ngozi ninayemwamini.

Ni ile filamu ya kina Mazengo ninayoiandalia mavazi. Mhusika mkuu anavaa jaketi la ngozi mwanzo hadi mwisho. Tulilipata kwenye mitumba pale Sabasaba, la kahawia, laini, kola imepauka na viwiko vimeshika mikunjo. Zuri mno. Sasa kuna kipande cha kuanguka na pikipiki korongoni, njia ya Kondoa, na anayeanguka badala ya mwigizaji ni Juma. Kwa hiyo lazima liwepo jaketi la pili, pacha wa lile.

La pili limepatikana. Mshono karibu uleule, zipu ileile, na ukiyatundika chumbani huwezi kuyatofautisha. Yatoe juani sasa! La kwanza limetulia, la pili linameremeta kama sufuria mpya. Mwongozaji ananiambia, "Rehema, lipake tu dawa ya viatu." Tausi, hapa si suala la rangi.

Nimeyadondoshea maji. Kwenye la kwanza tone lilizama, likaacha doa jeusi ambalo lilipokauka halikuonekana tena. Kwenye la pili tone likabaki juu, nikalifuta kwa kidole. Lile la kwanza limenywa rangi, vitundu vya vinyweleo unaviona. Hili limefunikwa na tabaka la rangi, na chochote nitakachopaka kitakaa juu ya tabaka hilo. Kibaya zaidi, ndani ya mfuko kuna ukingo umechanika, na ngozi yenyewe ni ya kijivu kinachoelekea samawati. Imechakatwa kwa kromu hiyo, ile dawa ya madini inayoacha ngozi na rangi hiyo, au siyo? La kwanza ni kahawia mpaka ndani. Juma akiburuzika kwenye changarawe, mkwaruzo wa kwanza tu utatoa kijivu, halafu picha inayofuata mwigizaji anasimama na mikwaruzo ya kahawia. Wengi wetu huku tumekulia kwenye mifugo. Ngozi tunaijua, wataona.

Unakumbuka jaketi la Harrison Ford kwenye Raiders of the Lost Ark ya 1981? Yalishonwa kadhaa kwa sababu hizihizi za kuanguka na kuburuzwa. Mbunifu wa mavazi, Deborah Nadoolman, aliyachakaza kwa mkono, kwa kisu cha mfukoni na brashi ya waya, mpaka yakaonekana yameishi na mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Ila brashi ya waya juu ya lile tabaka itanitolea kijivu tu, kwa hiyo tabaka litoke kwanza. Nimejaribu asetoni kwa pamba chini ya ukosi, pamba ikatoka na kahawia, lakini pale pamekauka na kukakamaa kidogo, nikaacha.

Mpango wangu ni kutoa tabaka, kupaka rangi ya spiriti (ile ya ngozi iliyoyeyushwa kwa spiriti) nyepesi nyepesi mara kadhaa hadi ishike, kisha nta ya nyuki kidogo sana (ninayo ya Manyoni) na kusugua kwa kitambaa kikavu, halafu msasa laini kwenye viwiko na kingo za mifuko tu, pale ambapo mwili unasugua kweli. Na kila hatua nilinganishe nje, kwa kamera ya mpiga picha, maana taa za ndani zinadanganya.

Sasa niambie: asetoni itaiua ngozi ya kondoo iliyo nyembamba hivi, au nianze na spiriti? Niipe mafuta kabla ya rangi au baada? Rangi ya spiriti itapenya hadi kwenye kijivu, au niikwaruze kwanza ndipo nipake, mikwaruzo ikanywe rangi? Pale chuoni Mwanza kuna vipande vya kondoo vilivyochakatwa kwa kromu nivifanyie majaribio? Ukipata, weka kwenye basi, nitapokea stendi ya Nanenane, na nauli ya kifurushi nitakutumia kwa simu. Halafu Salehe bado anauza zile rangi za kahawia iliyokolea?

Nijibu mapema, kipande cha Juma kinapigwa mwisho wa mwezi.

Wako,
Rehema