Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale wa Jordan: Tall el-Hammam isiitwe Sodoma

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mahujaji tunaowasemea husali na kusoma Maandiko kwa lugha hii. Wanatoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Wakifika kwenu huona ramani ya mozaiki ya Madaba, hupanda Mlima Nebo, kisha hushuka al-Maghtas, panapoaminika Yesu alibatizwa, kwenye maji ya Yordani. Wengi wamechangiwa na jumuiya zao ili waje kuona kwa macho yao, na wakirudi hushuhudia kanisani waliyoyaona.

Chini ya Nebo, upande wa bondeni karibu na Shuna ya Kusini, kuna kilima cha magofu kiitwacho Tall el-Hammam. Tangu uchimbaji ulipoanza pale mwaka 2005 chini ya mwanaakiolojia Steven Collins, jina la Sodoma limekuwa likikiandama. Ombi letu ni moja. Kibao, kijitabu au mwongoza watalii mwenye leseni ya wizara yako asimwambie hujaji kwamba pale ndipo Sodoma. Ushahidi uliopo haujafika hapo, na tunaeleza kwa kina kwa nini.

Kwanza haki yake kilima kipewe. Ni moja ya makazi makubwa ya Zama za Shaba katika bonde lote la kusini mwa Yordani, lenye kuta nene, sehemu ya juu na ya chini, na uwanda wa makaburi ya mawe makubwa pembeni. Kiliharibiwa vibaya kwa moto katikati ya milenia ya pili KK, kikakaa karne nyingi bila watu. Hayo yanatosha kumfanya mtu asimame na kutazama. Hakihitaji jina la kuazima.

Mahali pa kale hupataje jina lake kwa uhakika? Mfano bora uko kwenu. Mwaka 1868 huko Dhiban lilionekana jiwe jeusi la basalti lenye maandishi ya Mfalme Mesha wa Moabu, wa karne ya 9 KK. Ndani yake mfalme anajiita Mdiboni, na anaitaja Medeba na Nebo. Jiwe limepatikana Dhiban, linataja Diboni, na jina la Kiarabu la mji limehifadhi sauti ileile. Maandishi, mahali na kumbukumbu ya jina vimekutana. Tall el-Hammam haina hata kimoja cha namna hiyo. Hakuna mwandiko wa Zama za Shaba uliotoka humo ukitaja mji wenyewe, na jina lake la Kiarabu linahusu maji ya kuogea. Zaidi ya hapo, Nelson Glueck, aliyepima magofu ya ng'ambo ya Yordani kabla na baada ya vita vya pili vya dunia, alikitambulisha kilima hikihiki kuwa Abel-shitimu, ambako Israeli walipiga kambi kwa mujibu wa Hesabu 33:49.

Hata kwetu pwani tuna Gedi, mji wa mawe wenye misikiti na jumba la kifalme, kilomita chache tu kutoka Malindi. Wareno walikaa Malindi miaka mingi bila kuutaja mji huo waziwazi katika maandishi yao. Ukubwa wa magofu hauleti jina.

Hoja kuu ya wanaosema Sodoma ni hapa inatoka Mwanzo 13. Lutu anasimama na Abramu kati ya Betheli na Ai, anaona Bonde la Yordani lenye maji mengi, kisha anaelekea mashariki. Kutoka Betheli unaona upande wa kaskazini wa Bahari ya Chumvi, na Tall el-Hammam uko huko. Ni hoja ya kweli, wala hatuidharau. Lakini Mwanzo 14:3 inaliweka bonde la Sidimu, alikopigana mfalme wa Sodoma, kwenye Bahari ya Chumvi yenyewe, na aya ya 10 inataja mashimo ya lami. Ezekieli 16:46 inaiweka Sodoma mkono wa kuume wa Yerusalemu, na kwa Waebrania waliopanga pande zao wakitazama mashariki, mkono wa kuume ni kusini. Soari, mji alikokimbilia Lutu, umechorwa katika ramani ya Madaba kwenye ncha ya kusini-mashariki ya bahari. Huko, juu ya Ghor es-Safi, Konstantinos Politis alichimbua monasteri ya Deir 'Ain 'Abata yenye maandishi ya Kigiriki yanayomtaja Mtakatifu Lutu na mozaiki ya mwaka 606. Maandishi hayo hayathibitishi kwamba Lutu alilala katika pango lililo pale. Yanathibitisha kwamba Wakristo wa karne ya 7 waliamini hivyo na kujenga kanisa mlangoni pake. Mwongoza watalii anaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja, na hujaji haibiwi kitu.

Sasa twende kwenye miaka, kwa maana hapo ndipo madai yanapobanwa zaidi. Kipimo cha kaboni 14 na aina za vyungu vinaweka maangamizi ya Tall el-Hammam karibu na mwaka 1650 KK, kwa kupungua au kuzidi miaka 50. Chukua Biblia uhesabu mwenyewe. Mwaka wa nne wa Sulemani ni karibu 966 KK. Ongeza 480 ya 1 Wafalme 6:1, halafu 430 ya Kutoka 12:40, halafu 130 za Yakobo mbele ya Farao katika Mwanzo 47:9, halafu 60 za Isaka alipomzaa Yakobo katika Mwanzo 25:26. Unafika 2066 KK, mwaka wa kuzaliwa Isaka. Sodoma iliangamia karibu mwaka mmoja kabla. Tofauti na 1650 ni zaidi ya miaka 400. Ukifuata tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo katika ile 430 inahesabu miaka ya Kanaani pamoja na ya Misri, unapunguza 215 na kufika 1852. Bado karne mbili zinakosekana. Ili tarehe zilingane ni lazima namba za umri wa mababu zisomwe kama namba za heshima, si hesabu halisi ya miaka. Msomi ana ruhusa ya kuzisoma hivyo, ila basi asimwambie hujaji kwamba udongo umeithibitisha Biblia neno kwa neno.

Kusini nako hesabu haikai sawa. Bab edh-Dhra, ambayo wengine waliiita Sodoma, iliyotambuliwa na William Albright mwaka 1924 na kuchimbwa na Paul Lapp, kisha Walter Rast na Thomas Schaub, ilikoma karibu 2350 KK, mapema mno kwa hesabu ileile. Jirani yake Numeira, ambayo wengine waliiita Gomora, kwa vipimo vipya vya kaboni ilikoma takriban karne mbili na nusu kabla yake. Miji miwili iliyopaswa kuteketea asubuhi moja imeachana kwa vizazi kumi. Kwa hiyo hatukuombi uhamishe kibao kutoka kaskazini kukipeleka kusini.

Mheshimiwa, tunajua makala iliyoeneza habari hii duniani. Septemba 2021 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti uliosema kimondo kililipuka angani juu ya Tall el-Hammam kwa nguvu inayolinganishwa na mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa mwaka 1908. Ushahidi wake ulikuwa vigae vilivyoyeyuka, chembe za madini ya zirkoni zilizopitia joto kali, madini ya kwatzi yenye nyufa za mshtuko, na chumvi nyingi katika tabaka la maangamizi. Habari ilienea kwa siku chache, na wahubiri wengi wa kwetu waliitumia.

Kilichofuata hakikuenea. Wasomaji waliona dalili kwamba baadhi ya picha za uchimbaji zilihaririwa, na waandishi wakaeleza kuwa marekebisho yalikuwa ya kuondoa vitu kama futi ya kupimia. Februari 2022 masahihisho yakachapishwa. Wataalamu wa madini walisema mistari iliyo kwenye kwatzi haioneshi sifa za mshtuko: mistari ya kweli huwa myembamba, sambamba, na hufuata pembe maalumu za fuwele, na pembe hizo sharti zipimwe moja moja. Wanafizikia wa milipuko ya angani wakahoji ulinganisho na Tunguska. Tarehe 24 Aprili 2025 jarida likaiondoa makala hiyo, kwa kuwa wahariri hawakuwa tena na imani kwamba data inabeba hitimisho. Wapo waandishi waliopinga uamuzi huo, na wana haki ya kuleta vipimo vipya. Lakini mwongozaji anayetaja kimondo hicho leo kama jambo lililothibitishwa anasimama juu ya makala iliyofutwa.

Chumvi nayo inahitaji neno, kwa sababu ndiyo inayomgusa hujaji anayemkumbuka mke wa Lutu. Bonde lote lile limelala juu ya masapo ya ziwa la kale la Lisan, tabaka za chokaa, jasi na chumvi zilizoachwa lilipokauka. Maji ya chini hupandisha chumvi hadi juu ya udongo jua linapokausha ardhi. Kuipata katika tabaka moja hakumaanishi kitu mpaka ipimwe pia katika tabaka zilizo juu na chini yake, na katika udongo wa nje ya kilima. Vivyo hivyo vidonge vya kiberiti vinavyouzwa kama mabaki ya moto wa mbinguni: kiberiti hutokea chenyewe katika masapo hayo. Na kigae kilichoyeyuka kinaweza kutoka kwenye tanuri au kwenye moto wa nyumba iliyoshiba mafuta na nafaka, ndiyo maana ni lazima ijulikane kilikuwa wapi hasa kilipookotwa.

Mfano wa uaminifu pia uko kwenu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Andrews, cha Waadventista Wasabato, kilianza kuchimba Tall Hisban chini ya Siegfried Horn kikitarajia kukuta Heshboni ya Mfalme Sihoni. Hawakupata mji wa zama hizo. Wakalichapisha hilo, wakaendelea kuchimba wakaandika historia ya kilimo na chakula cha watu wa eneo lile kwa maelfu ya miaka. Waadventista ni wengi katika Kenya na Tanzania, na hatujaona imani ya mtu ikianguka kwa sababu ya Hisban.

Tunapendekeza kibao cha Tall el-Hammam kisomeke hivi, kwa Kiarabu, Kiingereza, na ikiwezekana Kiswahili: "Mji mkubwa wa Zama za Shaba, ulioteketea kwa moto karibu 1650 KK. Jina lake la zama hizo halijulikani. Baadhi ya watafiti wamependekeza Sodoma, wengine Abel-shitimu. Hakuna pendekezo lililothibitishwa."

Maneno hayohayo yaingie katika mafunzo na mitihani ya waongoza watalii, pamoja na maneno matatu wayatenganishe kila mara: imethibitishwa kwa maandishi, inaaminika kwa mapokeo, inapendekezwa na watafiti. Dhiban ni la kwanza. Al-Maghtas, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa dunia, ni la pili, na mahujaji wetu hubatizwa pale kwa furaha wakijua hivyo. Tall el-Hammam ni la tatu.

Kwa vibali vya uchimbaji, Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini yako ina nguvu kubwa zaidi kuliko kibao chochote. Sharti liwe kwamba kila sampuli inayosafirishwa igawanywe, nusu ibaki Amman. Tarehe za kaboni zipimwe kwa nafaka na mbegu, si kwa boriti za paa, kwa kuwa boriti huenda ilikatwa karne moja kabla ya moto. Vipimo vifanywe na maabara mbili zisizojuana. Picha ghafi ziwekwe Idarani kabla ya makala kuchapishwa. Na ripoti itaje mashimo yaliyochimbwa bila kupata kitu.

Kurani inawaambia Waarabu kwamba hupita penye magofu ya watu wa Lut asubuhi na usiku, ila haiutaji mji wao kwa jina. Sisi na ninyi tunaweza kumpitisha mgeni njia hiyo bila kumbandikia jina ambalo hatuna.

Tunangoja jibu lako, na tuko tayari kutafsiri maandishi ya kibao bila malipo.

Wako kwa heshima,
Walimu wa historia ya Biblia na waandaaji wa hija, Afrika Mashariki