Mshipa ulio kando ya gego

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa, baada ya Asri

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila joto la kaskazi halijatupa nafasi ya kupumua, na Bakari amelihamishia godoro lake barazani.

Jumapili uliponipigia simu nilikuwa nakuitikia "ndiyo, mamangu, ndiyo" huku nakaanga viazi vya karai, ukaudhika ukidhani sikusikilizi. Nilikusikia. Nilisikia kwamba harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti mnayempasua, imekuganda nyweleni hata ukioga mara mbili, kwamba nyama huli tena, kwamba mtihani wa kichwa na shingo umeanguka. Nikasikia na lile la mwisho ulilolisema kwa sauti ya chini: "Mama, mimi nataka kutibu meno tu. Mishipa yote hii ya fahamu ya nini?" Sikukujibu kwa kuwa mafuta yalikuwa motoni na jibu lake ni refu. Tena jibu lenyewe limo kinywani mwangu, na miaka yote hii sijakuambia.

Kwanza hilo la maiti, maana najua ndilo linalokunyima usingizi japo ulilipitia haraka. Umenikumbusha ile hadithi ya Mtume, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ni kweli, na usiisahau. Lakini wanazuoni wengi wamelijadili jambo hili wakaruhusu kwa haja ya elimu ya tiba, bora heshima iwepo. Na heshima ya maiti mimi naijua kwa njia moja tu, ya kukosha, kumwosha kabla ya kuzikwa. Tunapomkosha mtu hatumwachi wazi. Hutandazwa kitambaa, mkono ukapita chini yake, na panapofunuliwa ni pale tu panapofanyiwa kazi. Fanya vivyo hivyo hapo chuoni Chiromo. Siku ya kusoma taya, funua taya. Kifua kiache na kitambaa chake. Na hilo jina la utani wenzako walilompa maiti wenu, ulilonisimulia ukicheka, sikulipenda. Ana jina lake huyo, ila nyinyi hamlijui.

Nyama usijilazimishe, itarudi. Nimekutilia mahamri, achari ya embe na mabuyu. Ningekutilia na papa mkavu, lakini abiria wa basi wamenikosea nini?

Sasa hiyo mishipa. Jumatatu nilinunua kichwa cha mbuzi. Supu tulikunywa, taya ya chini nikaichemsha tena na magadi mpaka mfupa ukawa mweupe. Ulinieleza mwenyewe Ramadhani iliyopita, tukikuna nazi, kwamba ndani ya taya, kule nyuma inakopanda kuelekea sikioni, kuna tundu, na mbele, upande wa nje karibu na kidevu, kuna tundu jingine, na kwamba binadamu ni hivyo hivyo. Nikasema haya, nione kwa macho yangu. Nikatwaa chelewa la fagio nikalisukuma tundu la nyuma. Likaenda vizuri, likafika katikati likakwama, nikalivuta likavunjikia ndani. Upande wa pili sikutaka kulazimisha. Nikaiegemeza taya juu ya sinia, nikamimina maji kwa kijiko cha chai. Hayakupita. Nikapuliza, nikamimina tena, mara hii ya moto. Bakari akapita akaniuliza kama ndiyo futari. Nikamwambia nyamaza. Punde likachungulia tone moja pale kidevuni, likaanguka, likafuata jingine.

Nilifurahi peke yangu jikoni kama mtoto. Chini ya mizizi ya magego yote yale kuna mfereji, na mshipa wa fahamu unapita humo tangu nyuma mpaka mbele! Ndiyo sababu mtu hupigwa sindano kule nyuma kabisa, karibu na tundu unapoingilia, ukashangaa mdomo wa chini na kidevu vinalala. Na ndiyo sababu, kama ulivyonieleza, sindano ikipita nyuma mno ikaingia kwenye tezi iliyo mbele ya sikio, ile inayovimba mtoto akiugua matubwitubwi, mtu hushindwa kufumba jicho mpaka ganzi iishe. Jicho, kwa sababu ya jino! Halafu wasema meno tu.

Lakini mshipa ule wa tayani una mfupa wa kuukinga. Ulionitia mimi hasara ni ndugu yake, na huo hauna kinga.

Ulikuwa na miaka mitatu. Gego langu la mwisho la chini, kushoto, lilikuwa limelala ubavu ndani ya ufizi, na kila mwezi likivimba. Nilikwenda mahali fulani, sitapataja. Aliyening'oa alikuwa kijana mpole, mwenye haraka. Alinipiga sindano, akachana ufizi upande wa ndani, upande wa ulimi, akakereza, akavuta, jasho likimdondoka. Niliporudi nyumbani nusu ya ulimi ilikuwa imelala. Nikasema ni ganzi, itaisha magharibi. Magharibi ikaingia ikatoka. Isha pia. Siku ya tatu nilikuwa nikila mkate wa mofa, nikaona damu kwenye leso. Kumbe nautafuna ulimi wangu mwenyewe sina habari.

Nikarudi, nikaambiwa itaondoka yenyewe. Na wengi huwaondokea kweli, kwa wiki au kwa miezi. Mimi kuhisi kulirudi nusunusu, kwa kuchomachoma kama mtu aliyekalia mguu. Ladha haikurudi.

Hapo nilikuwa mpishi wa harusi, usidhani nilizaliwa na karai la viazi. Nilikuwa nimechukua pilau ya harusi moja Majengo, masufuria matatu. Nikaonja kama nilivyozoea, kwa kushoto. Haina chumvi. Nikaongeza. Nikaonja tena, bado. Nikaongeza. Wasaidizi wangu walinitazama wakanyamaza, maana mpishi ni mimi. Siku zile nilikuwa bado sijaelewa kilichonipata. Nilidhani ulimi umekufa ganzi tu, sikujua kwamba na ladha imekwenda nayo. Shangazi yake bwana harusi alitia tonge la kwanza mdomoni. Hakusema neno. Alilitoa kwa adabu, akaliweka ukingoni mwa sinia, akachukua ndizi. Sinia nzima ikafuata. Harusi ile watu walikula ndizi na kachumbari.

Miaka miwili hakuna aliyenibishia mlango kwa pilau. Ndipo nikaanza viazi vya karai na kachri hapo barazani, ambavyo mkono umevizoea hata bila kuonja, na ndivyo vilivyokusomesha mpaka ukafika huko. Unakumbuka wewe na Bakari mlivyokuwa mkinicheka, mama huonja mchuzi kama kasuku, kichwa upande? Naonjea kulia, mamangu.

Niliyejua kwake sababu ni daktari mmoja mwanamke, mtu mzima, miaka mingi baadaye, nilipokwenda kwa jino jingine nikitetemeka. Alinichorea kwa kalamu nyuma ya karatasi ya dawa. Mshipa wa ulimi, alisema, hupita ndani ya nyama ya ufizi kando kabisa ya gego la mwisho la chini, na kwa watu wengine huwa umeugusa mfupa wenyewe. Chombo kikiteleza kidogo upande wa ndani, umeguswa. Na haubebi kuhisi tu. Ndani yake umetiwa uzi mwingine mwembamba, wa mshipa wa saba wa kichwani, ule wa uso, unaobeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Uzi huo, kutoka ulimini kwenda kwenye ubongo, hupitia sikioni, nyuma ya ngoma ya sikio. Nilimwuliza mara tatu: ladha ya pilau yangu inapita sikioni? Akasema ndiyo, mama, inapita sikioni. Nilicheka, kisha nikalia pale pale kitini, akanipa pamba.

Yule kijana sikumwapiza. Sijui kama aliusahau huo mshipa au aliujua mkono ukamponyoka. Mkono wa mtu huponyoka. Lililonikera, na linanikera hadi leo, ni kwamba hakuniambia kabla. Angenieleza kwa maneno mawili, "mama, kuna mshipa hapa, huenda ukaumia," ningeuliza, ningengoja harusi ipite, au ningeng'oa vivyo hivyo lakini nikajua kuonjea kulia siku ile ile. Naye hawezi kuniambia habari ya mshipa ambao hana habari nao.

Mtihani utarudia. Kozi ya miaka mitano haishindwi na wiki mbili za kichwa na shingo. Jifukize udi kwenye nywele usiku, uzifunge kwa leso, harufu itapungua. Nimekutilia kidogo kwenye kikopo cha hina, usikichanganye.

Mzigo nimempa dereva wa basi pale Mwembe Tayari, utaufuata kesho asubuhi. Taya ya mbuzi imo, nimeifunga kwa gazeti. Kile kipande cha chelewa nimekiacha humo humo kilipovunjikia, ukikiona usidhani ni mshipa.

Nami nina ombi. Mtakapofika ulimini, mtafutie huyo maiti wenu mshipa huo, upande wa kushoto, ndani, kando ya gego la mwisho. Ukishauona usiukate haraka. Utazame, kisha unipigie uniambie unene wake. Yule daktari alisema ni kama tambi. Mimi miaka yote hii nimekuwa nikiuwaza kama unywele.

Ni mimi mamako