Barua ya wazi kwa mdogo wangu: yule mtoto hakuambiwa habari za zimwi

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama ile hadithi ya mtoto wa kofia nyekundu na mbwa mwitu inawafaa watoto wako wa maandalizi hapo Wete, au uipunguze makali kwanza maana wengine hawajatimiza hata miaka mitano. Nakujibu hadharani kwa sababu walimu na wazazi wengi wanajiuliza hilohilo. Wasimulie, na meno ya mbwa mwitu yaache yalivyo. Cha kubadilisha ni kitu chengine kabisa.

Charles Perrault aliichapisha Ufaransa mwaka 1697, na kwake yeye mtoto analiwa, basi, hadithi imekwisha. Mwaka 1812 ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliitoa upya wakamwingiza mwindaji. Akalipasua tumbo la mbwa mwitu, bibi na mjukuu wakatoka wazima, tumbo likajazwa mawe. Tangu hapo wasimulizi wengi humlaumu mtoto: ameacha njia, amechuma maua, amezungumza na asiyemjua. Mwalimu anamalizia kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", watoto wanaitikia, wanakwenda zao.

Lakini hebu angalia huyo mkuu alisema nini. Kwa Perrault mama hamuonyi mtoto kwa lolote. Anampa mkate na kijungu cha siagi, anamwambia nenda kamtazame bibi yako, nasikia anaumwa. Kwa akina Grimm mama anausia mengi: usiache njia ukaja kuanguka ukavunja chupa, ukifika usisahau kumwamkia bibi, usianze kuchungulia kila pembe ya nyumba. Yote ni adabu na chupa. Mbwa mwitu hatajwi hata mara moja! Na wameeleza wazi kwamba mtoto alipokutana naye hakuogopa, kwa kuwa hakujua ubaya wake. Aliulizwa na mkubwa anakwenda wapi, akajibu kwa heshima, akaelekeza mpaka nyumba ya bibi ilipo. Ndivyo alivyolelewa.

Hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu na sisi ndivyo tunavyolea. Mtoto wetu anajua kumwamkia kila mtu mzima anayepishana naye, akitumwa anakwenda, akiitwa anaitika. Hayo ni mazuri na sitaki yapotee. Ila lini tumemwambia kwamba yupo mkubwa anayestahiki kukataliwa? Perrault aliongeza beti za kuonya mwishoni, akasema mbwa mwitu wa hatari kupita wote ni wale wapole, wenye maneno laini, wanaowafuata wasichana mpaka majumbani. Alikuwa anasema juu ya watu. Sisi tunao msemo wetu, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu mzima anaweza kujifariji nao. Mtoto wa miaka mitano usimpe.

Mbwa mwitu mwache hukohuko Ulaya. Chui alikuwa wa Unguja, kwetu Pemba hakuwepo. Zimwi wanalijua. Mimi ningeanza hivi:

Paukwa! Pakawa! Hapo kale, huko Konde, alikuwapo mtoto aliyepewa na bibi yake mtandio mwekundu wa Sikukuu, basi hauvui. Siku moja mama kapika mkate wa kumimina, kautia kwenye kikapu cha ukili, kamwita mwanawe, kakaa chini wakawa sawasawa uso kwa uso. "Mwanangu, njia ya msitu wa Ngezi ina zimwi. Halina pembe wala mkia. Linavaa vizuri, linacheka, linalijua jina lako na langu. Likikuuliza unakwenda wapi, si lazima ulijibu. Likikwambia hii siri yetu, mama asijue, piga ukelele ukimbilie kwenye watu. Mkate ukimwagika umwagike. Sitakugombeza."

Hilo la mwisho usiliruke. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa, kuliko wanavyoliogopa zimwi lenyewe.

Kisha nenda polepole kitandani kwa bibi, ambako zimwi limeshammeza bibi na kujilaza mahali pake. Bibi, mbona masikio yako makubwa? Mbona mikono yako mirefu? Kila akiuliza anapewa jibu tamu, na kila jibu moyo wake unazidi kukataa. Simama hapo uwaulize: moyo unamwambia nini? Waache wapige kelele wao, "Toka! Kimbia!", mpaka wachuma karafuu washuke mikarafuuni na kuja mbio, zimwi lipasuliwe tumbo na bibi atoke mzima. Darasa la jirani likilalamika, lilalamike. Sauti hiyo wanahitaji kuizoea kabla ya siku ya kuihitaji.

Na siku nyengine mpe kikapu mtoto wa kiume, umvishe kofia nyekundu. Wavulana nao wanawindwa, na hao ndio tunaowaambia "mwanamme halii".

Jambo moja zaidi, nalo ni la kwako wewe, si la watoto. Baada ya hadithi huenda mmoja akabaki nyuma akakwambia kitu. Usimwambie "nyamaza, usiseme hivyo". Usimhoji mara kumi, wala usikimbilie kumwita huyo anayemtaja ili muyamalize kifamilia. Mwambie umemsikia na hana kosa. Halafu mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, cha karibu yenu au cha hospitali ya Chake Chake, wanakohudumia kesi za udhalilishaji kama hizi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Iandike ubaoni kwa chaki kubwa, wasome na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto wao.

Nasubiri uniambie walivyoipokea.

Dada yako