Naitwa mla hela ya umeme katika nyumba tunayopanga, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri, usingizi umegoma kabisa. Nyumba zetu hizi unazijua: vyumba saba, korido moja, choo cha uani, mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa wote, na mwenye nyumba anakaa kwake mbali. Daftari la umeme nashika mimi. Kila chumba kinatoa shilingi 8,000 kwa mwezi, jumla 56,000, nanunua umeme na risiti nazibana humohumo. Sasa nimeambiwa uani, watu wote wakisikia, kwamba nakula hela ya umeme. Mimi!

Nikupe hesabu kwanza, usije ukadhani najitetea tu. Aliyenisema alimpa mwanawe simu apige hesabu. Mtoto kachukua 56,000 akagawa kwa 292, bei ya uniti moja, akapata uniti kama 192. Kwenye risiti kuna uniti 153. Basi, uniti 39 zimeliwa, na mlaji ni mimi.

Chukua risiti yetu ya 2024, ukinunua zote kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa mwezi. Kwanza inakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Inabaki 54,500. Ndani ya hiyo kuna VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (ya mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla asilimia 22 juu ya bei ya umeme. Kwa hiyo unagawa 54,500 kwa 1.22, unapata kama 44,672. Hiyo ndiyo hela ya umeme wenyewe. Igawe kwa 292, bei ya kundi la T1, la matumizi ya kawaida, utaona uniti 153 kamili. Zile 39 anazodai ni makato, shilingi 11,328, na yote yameandikwa kwenye risiti mstari kwa mstari. Risiti nilimwonyesha. Hakuitazama.

Ukitaka njia ya mkato kwa viwango hivyo, kwa T1 usihesabu uniti kwa 292, hesabu kwa 356, maana 292 ukiijumlishia asilimia 22 inafika 356.24. Na kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, ndiyo maana mtu akiwahi kununua ya 5,000 tarehe moja anapata uniti 9.8 badala ya 14, anaanza kupiga kelele kuwa mita ina mdudu. Mita haina mdudu. Wengine wanataka tuombe kundi la D1, lile la shilingi 100 kwa uniti. Hilo ni la mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Sisi 75 tunazimaliza karibu na nusu ya mwezi.

Shangazi, kinachoniuma si hela. Nimeitwa mwizi na mtu aliyenikanda kwa maji moto siku arobaini za uzazi wangu.

Maana ukitaka kujua nani anamlisha nani, tuhesabu vifaa. Taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haifiki uniti moja na nusu kwa mwezi. Runinga ya wati 60 kwa saa sita kila siku ni kama uniti 11. Feni ya wati hizohizo ikizunguka saa nane ni uniti 14 na kitu. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, wati 1,500, dakika kumi ni robo uniti. Kila siku ukichovya, mwezi unafika uniti saba na nusu. Friji dogo lililotulia linakula kama uniti moja kwa siku. Friji la kugandisha barafu za kuuza, mlango unafunguliwa kutwa, maji ya uvuguvugu yanaingizwa kila saa, hilo linafika uniti moja na nusu, yaani 45 kwa mwezi, karibu shilingi 16,000. Na mwenye friji hilo anatoa 8,000 kama yule kijana wa chumba cha mwisho mwenye taa moja na chaji ya simu.

Mwenye friji hilo ndiye aliyenisema. Sijawahi kumtajia hizo hesabu, na sitaki kumtajia, kwa sababu barafu ndizo zinazomsomeshea mtoto. Lakini naye asinitukane!

Maji hayatugombanishi, tunagawana kwa vichwa na kila mtu anaona ndoo za mwenzake. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, ndoo hamsini za lita ishirini, hata bibi wa chumba cha pili anaikokotoa. Umeme hauonekani, ndiyo shida yake.

Wapo wanaosema tufunge mita ndogo kila chumba. Kazi hiyo naielewa. Zinasomwa zote siku moja, saa moja, mbele ya watu wawili. Uniti za chumba unazidisha kwa 356, ukizidisha kwa 292 mfuko utapungua kila mwezi na lawama zitarudi kwangu. Jumla ya mita ndogo haitalingana na mita kubwa, kwa sababu taa za korido na choo na pampu hazimo. Tofauti hiyo igawanywe sawa kwa vyumba vyote. Ikiwa kubwa mno, zima kila kitu, pampu na taa za nje pia, halafu tazama kitaa chekundu cha mita kubwa. Yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kila kupepesa ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Kikipepesa mara ishirini kwa dakika, kuna wati 1,200 zinaondoka mahali: ama waya umevujisha, ama kuna aliyejiunganishia. Fundi aitwe, asiitwe mtu mwizi.

Tatizo ni kwamba siku mita ndogo zikifungwa, biashara ya barafu imekufa. Watasema nimemkomoa. Nisipozifunga, nitaendelea kuitwa mla hela.

Halafu kuna hiyo kodi ya jengo. Ni deni la mwenye nyumba, mita ni njia ya kuikusanyia tu. Kwa mwaka ni 18,000, na tunaolipa ni sisi. Tunapolipa kodi ya pango ya miezi sita ilitakiwa tukate 9,000 humo, wapangaji wote kwa pamoja, tumpe na risiti. Wenzangu wananisukuma nikamwambie mimi, eti ndiye mwenye hesabu. Wananiamini kwa mwenye nyumba, kwenye 8,000 zao hawaniamini. Na huyo akiudhika anapandisha kodi, wa kwanza kulaumiwa ni nani?

Daftari nimeshasema naliacha. Walichukue. Ila nikifikiria litaangukia kwa nani, moyo unakataa, kwa sababu hakuna mwingine anayetunza risiti, na mwezi mmoja tu tutalala gizani. Kuhama nako nimewaza. Kodi yangu bado ina miezi, na watoto shule ni hapo jirani.

Nilifikiria niite wapangaji wote na mjumbe, nibandike risiti ukutani, nisome makato moja moja. Haki yangu ingeonekana. Lakini yeye ataaibika mbele ya mwanawe aliyepiga ile hesabu. Je, nimfuate mimi kwanza chumbani kwake, tukae na risiti wawili tu, wakati mkosewa ni mimi? Salamu yangu haitiki sasa. Msamaha wake siutaki, Shangazi, sina haja nao. Ninachotaka aseme palepale uani aliponisemea kwamba sikula.

Na akikubali, nimwombe aongeze kwa ajili ya friji, hata afike 15,000, au nikae kimya tuendelee hivihivi? Nijibu kabla ya tarehe moja, michango inaanza tena na sijui nipite milangoni au nisipite.

Mshika daftari,
Mbagala, Dar es Salaam