Barua kwa mwanangu aliye Berlin

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Mgonjwa kakukataza usimguse, kakuita kwa lile neno, na muuguzi mwenzako akaendelea kukunja mashuka kama hakusikia. Halafu unaniambia, "Mama, ni mzee tu, nimeshazoea." Hilo la kuzoea ndilo limeninyima usingizi.

Mtoto wa kwetu akienda Ulaya huambiwa avumilie, akaze moyo. Vumilia baridi, vumilia lugha na zamu za usiku. Kutukanwa kwa ajili ya ngozi yako sikukulea ukuvumilie.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, andika. Tarehe, saa, wodi, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kwa Kijerumani kama yalivyotamkwa. Usiyapunguze makali kwa kumwonea mtu haya. Nimefanya kazi wodini mpaka nimestaafu, najua lisiloandikwa kwenye faili huhesabiwa halikutokea.

Kaka yako amenisomea sheria yao ya kupinga ubaguzi ya mwaka 2006, wanayoiita AGG. Inamlinda hata anayejifunza kazi kama wewe. Mwajiri ana wajibu wa kukukinga hata kama anayekubagua si mfanyakazi wake, mgonjwa akiwemo. Una haki ya kulalamika, na hawaruhusiwi kukuadhibu kwa kulalamika. Ila ukitaka kudai fidia unayo miezi 2 tu, basi usilale. Polisi nako mlango upo, maana kutukana mtu ni kosa la jinai huko, na muda wa kuomba mtu ashtakiwe ni miezi 3. Sikulazimishi. Huenda mzee yule akili zimeshamtoka, na wewe uliyekuwa naye ndiye wa kulipima hilo. Lakini ukimya wa muuguzi mwenzako haukuletwa na ugonjwa. Huo upeleke kwa msimamizi wa mafunzo, kwa maandishi.

Usiende peke yako. Serikali yao ina ofisi ya kupambana na ubaguzi hapo hapo Berlin, inashauri bure. Ipo pia ISD, chama cha watu weusi wa Ujerumani kilichoanza miaka ya 1980. Waone hata kama hutaki kesi yoyote. Sisi tunakupenda, lakini hatujawahi kukaa kwenye treni mtu akahama kiti kwa sababu yetu. Unahitaji watu ambao hutalazimika kuwaeleza kwa nini imeuma.

Kuna na hili la nyumbani. Unaujua mti wa Old Moshi Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huku, tarehe 2 Machi 1900. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wamekitafuta miaka na miaka. Berlin hiyo hiyo unayoamkia kazini ndiko mwanasayansi Felix von Luschan alikorundika maelfu ya mafuvu, mengine ya watu wa huku, ili wanadamu wapimwe na kupangwa kwa mbari zao. Mwaka 2023 vipimo vya DNA viliunganisha machache na familia zilizo hai Tanzania. Sikuandikii haya ili umchukie kila unayempa dawa. Nataka ujue kwamba alichokutamkia mzee yule kilikuwepo kabla hujazaliwa. Hakikuletwa na Kijerumani chako wala namna unavyosuka nywele. Acha kujichunguza umekosea wapi.

Na ukiona umechoka kabisa, rudi. Chumba chako kipo. Mkopo wa SACCOS tuliochukua kwa ajili ya nauli yako tutaulipa sisi, baba yako kasema hivyo mwenyewe. Ukibaki, ubaki kwa sababu unaitaka kazi hiyo, maana tangu mdogo ulikuwa unafunga bandeji kila mtu humu ndani.

Nimemwambia mama yako mkubwa tu, kwa kuwa ana kifua cha kutunza neno. Wengine utaamua wewe kama wajue.

Nitumie ulichoandika. Alhamisi ukiwa mapumziko tupigiane kwa video, kaka yako awepo na ile sheria mkononi, tuiandike barua ya malalamiko pamoja.

Mama yako